Kaskazini ya Kisima

Mimi nilizaliwa mwenye shamba. Sikulinunua wala sikulilima, na mpaka nilipoota mvi ya kwanza sikuwa nimelitia machoni. Vijana wa siku hizi wakisikia hivyo hucheka. Wacheke. Zama zetu, binti wa nyumba kubwa ya mawe pale Malindi alikuwa hatoki, na nyumba ilivyozidi ukubwa ndivyo binti alivyozidi kufichwa. Niliijua dari yetu boriti kwa boriti. Niliijua sauti ya muuza halua kabla hajakunja pembe ya msikiti. Lakini shamba lilikuwa huko nje, magharibi ya mji, kwenye njia ya Kakuyuni, na mimi nilikuwa bibi yake kwa jina tu.

Mama yangu, mzaliwa wa Lamu, alifariki ningali mdogo, nikabaki mtoto wa pekee wa baba. Ndivyo nilivyoamini. Kuolewa sikuolewa kwa kuwa hakupatikana wa kufu yangu, mtu wa nasaba inayolingana na yetu, na aliye chini yangu baba hakutaka hata kumsikia. Nasema haya bila uchungu. Nimekwisha kuwa na uchungu juu ya mambo makubwa zaidi.

Baba alikuwa na namna yake ya kunipa shamba langu. Kila siku baada ya sala ya alasiri alikaa kwenye kiti chake, kikombe cha kahawa mkononi, akasema: "Haya, bibi shamba, nitembeze."

Nami nilisimama mbele yake nikasoma kama mwanachuoni. "Naanza kisimani. Natoka kisimani naelekea mkwaju uliopasuliwa na radi. Mkwajuni nashika njia ya ng'ombe mpaka mwamba mweupe. Mwambani nakata mkono wa kulia, nafuata bwawa lenye matete hadi miti ya mikoma iliyosimama pamoja. Mikomani narudi kisimani."

Nikikosea neno, au nikitanguliza mwamba mbele ya mkwaju, baba alipiga paja akasema: "Umekosea. Rudi kisimani." Nikaanza upya. Nilitembea shamba lile maisha yangu yote ya usichana nikiwa nimesimama juu ya mkeka.

Siku moja nilimwuliza: "Baba, na minazi je? Madafu tunayokunywa yatoka wapi? Mbona natembea shamba zima sikutani na mnazi hata mmoja?"

Baba akainamisha kichwa upande mmoja kama kawaida yake, nyusi zake zilizokutana zikapanda, akakitazama kikombe chake. "Minazi ina mwenyewe," akasema, kisha akamwita yaya alete maji ya kunawa. Nikadhani minazi ni ya jirani, nikasahau.

Jambo moja alilikazania sana. Nalo lataka maelezo kwa asiye wa pwani. Kwetu ardhi ni mali na mti ni mali nyingine. Mtu aweza kuwa na mnazi wake katika ardhi yako, akaukwea, akaangua nazi, akafa, na wanawe wakaurithi, na wewe mwenye ardhi huna la kusema. Ndiyo maana mtu mwenye akili hamwachi mgeni kupanda mti kwake. "Mti una ulimi," baba alikuwa akisema. "Mwache apande leo, kesho mti utakwenda kwa kadhi kumsemea. Kwako wewe nimekataza. Hakuna atakayepanda hata mpera mpaka uje mwenyewe upande kwa mkono wako. Patakuwa peupe kama kiganja, na hakuna atakayeweza kukudai." Alijivuna sana kwa hekima hiyo. Nami nilijivuna naye.

Baba alipofariki, ami yangu, ndugu yake mdogo, alishika mambo ya nje. Kila msimu alinipelekea makanda ya nazi na madafu mabichi, akaniambia kupitia pazia kuwa shamba li salama. Nilimshukuru. Alikuwa ndiye mwanamume pekee aliyenisalia, na wakati ule mwanamke wa ndani asiye na mwanamume alikuwa hana miguu wala ulimi. Kisha serikali ya Wazungu ikafuta utumwa, na watumwa wetu wakaaga mmoja mmoja, wengine bila kuaga. Akabaki yaya aliyeninyonyesha. Alisema abaki kwa sababu yeye akiondoka nitakufa njaa huku nimezungukwa na sufuria.

La mgambo likilia kuna jambo. Asubuhi moja mpiga mbiu alipita chini ya dirisha letu akitangaza kwamba kila mwenye ardhi aende akaidai mbele ya Mzungu wa ardhi. Atembee mipaka yake kwa miguu yake, na aonyeshe nyumba au shamba au mti. Ardhi isiyo na nyumba wala shamba wala mti ni pori, na pori ni la serikali. Niliyasikia hayo huku nachambua mchele, wala sikuacha kuchambua. Letu lilikuwa na mwenyewe.

Yaya akarudi kutoka sokoni mchana, kikapu kitupu. Akakaa juu ya ngazi bila kuvua ukaya wake.

"Bibi," akasema, "ami yako amekwenda kudai shamba."

"Vyema. Amenidaia lini nikatoe shukrani?"

"Hakukudaia wewe. Amelidai kwa jina lake. Lote."

Punje za mchele zilikuwa bado mkononi, nikazitazama nisijue za nini. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nami nilikuwa nimelisema neno hilo mara nyingi juu ya watu wengine. Sikujua linavyouma likiwa juu ya nguo yako mwenyewe.

Nilimwita ami. Alikuja, akakaa upande wa pili wa pazia, akakohoa.

"Shikamoo ami."

"Marahaba, mwanangu."

"Nasikia umenisahau katika dai lako."

Hakuona haya hata kidogo. "Mwanangu, wewe u mtu wa ndani. Mzungu ataka mtu akatembee jua kali, akanyage miiba, aonyeshe kwa kidole mbele ya wanaume. Utakwenda wewe?" Akacheka. Si kicheko kikubwa. Kile kidogo, cha puani, anachocheka mtu mzima mtoto akisema atakula simba.

Nafikiri angekuja akanidanganya kwa upole, akalia, akamtaja baba, ningemwachia. Kicheko kile ndicho kilichonipandisha mori. Nikamwambia: "Nitakwenda." Akacheka tena, akaaga.

Kwenda kulikuwa na adabu zake. Mama yangu, alipokuwa hana budi kutoka, alitoka ndani ya shiraa, yaani kitambaa kikubwa kilichoinuliwa kwa vijiti, watumwa wa kike wameshika kila pembe, naye anatembea katikati kama aliye chumbani mwake. Nikaitoa shiraa ya mama sandukuni. Nondo walikuwa wamekula upande mmoja, lakini ilifaa. Nikamtuma yaya kwa wanawake waliokuwa wetu, waliohamia vibanda vya nyuma ya soko, aje nao wanishikie vijiti kwa siku moja.

Alirudi peke yake. "Wamekusalimu," akasema. "Wamesema mikono yao siku hizi ina kazi zake."

Nilikaa kitako sakafuni. Sikukasirika kwanza, nilishangaa, kama mtu aliyekwenda kuegemea ukuta akakuta haupo. Mikono ile ilinisuka nywele. Haikunijia hata siku moja kuwa ilikuwa na mwenyewe. Yaya akaniacha nishangae, kisha akanitupia mapajani nguo nyeusi iliyokunjwa, buibui, aliyoinunua duka la Mhindi. Lilikuwa vazi geni bado, vazi la wanawake waliojitembelea, nami nilikuwa nimelisema vibaya kuliko mtu yeyote Malindi.

"Hilo silivai," nikasema.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, bibi."

Nikalivaa.

Yaliyobaki ya safari ile ni aibu tupu. Nilipandishwa punda na nikateremka upande wa pili. Nilipofika nje ya mji na kuta zikaisha, niliogopa. Mbingu ilikuwa kubwa mno. Dirishani mwangu ilikuwa kipande cha ukubwa wa sinia, na sasa ilikuwa imemwagika kila upande bila pindo. Nilimwuliza yaya kama siku zote huwa hivi. Akasema huwa hivi, na akaniomba niache kumkaba mkono.

Tulipofika, watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Mzungu wa ardhi amekaa kwenye kiti cha kukunja, kofia magotini, uso mwekundu kwa jua. Kando yake mkalimani. Kadhi wetu, mzee mwenye sauti ya taratibu, amesimama chini ya mwavuli. Na ami, amevaa joho lake la Idi. Aliponiona nateremka punda, uso wake ulibadilika rangi. Nilifurahi, sitaki kuficha.

"Huyu ndiye bibi?" mkalimani akauliza. "Bwana asema aonyeshe mipaka yake."

Pale nilipokuwa nimesimama palikuwa na kisima. Kisima cha kweli, chenye mdomo wa mawe uliolika kwa kamba. Nikafumba macho, nikasema kama mbele ya kiti cha baba: "Naanza kisimani. Natoka kisimani naelekea mkwaju uliopasuliwa na radi."

Nikafumbua macho. Mkwaju ulikuwepo. Umepasuka katikati, nusu imekauka, nusu ina majani.

Wallahi nywele zilinisimama. Nikatembea. Njia ya ng'ombe ilikuwepo, na mavi yake. Mwamba mweupe ulikuwepo, mdogo kuliko nilivyouwaza. Nikakata mkono wa kulia, na matete ya bwawa yalikuwepo, na mikoma imesimama pamoja pale pale nilipoiacha nilipokuwa msichana. Kila neno la baba lilikuwa limesimama juani likinisubiri. Nilirudi kisimani nalia chini ya buibui, viatu vimejaa mchanga, na Mzungu akamwitikia mkalimani kwa kichwa, nikajua nimefanya vizuri.

Ndipo ami akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Naam, anajua pori. Sasa tutazame shamba."

Nikageuka, na kwa mara ya kwanza nikatazama upande wa pili wa kisima.

Nyuma yangu, kaskazini, nilikotembea, palikuwa peupe. Majani makavu, mchanga, hakuna mti ila ile ya mipakani. Kusini ya kisima palikuwa na minazi. Minazi mingi, mirefu na mifupi, mistari kwa mistari, na kivuli chake cheusi, na chini yake mihogo, na nyumba ya makuti yenye moshi. Shamba la baba lilikuwa mara mbili ya lile nililofundishwa. Nilisimama pale kama mtu aliyeishi nyumbani kwake miaka yote kisha akaonyeshwa chumba asichokijua.

"Minazi hii ameipanda nani?" Mzungu akauliza.

"Watumwa wangu," ami akasema upesi.

Mlango wa nyumba ya makuti ukafunguka, akatoka mwanamke wa rika langu, jembe mkononi, kanga imefungwa kifuani, miguu mikavu ya mtu wa shamba. Akaja mpaka kisimani, akasimama. Kabla ya kusema akainamisha kichwa upande mmoja kidogo, na nyusi zake zilizokutana juu ya pua zikapanda.

Hakuna mtu duniani aliyeinamisha kichwa hivyo ila mmoja, na nilikuwa nimemwona kwa macho yangu amekwisha kukafiniwa, ananukia karafuu maiti, wanaume wakamchukua.

"Minazi nimepanda mimi na mama yangu," yule mwanamke akasema. Kiswahili chake kilikuwa na ladha ya bara, ya watu wa huko Kakuyuni. "Ami yenu hajapanda hata mhogo. Tulipanda kwa amri ya baba. Mama alikuwa suria wake."

Suria ni mjakazi aliyefanywa mke na bwana wake, na kwa sheria yetu mtoto wake ni huru, ni mtoto kamili wa baba yake. Kila mtu pale alilijua hilo. Hata mkalimani aliacha kutafsiri.

"Mwongo!" ami akapiga kelele. "Mtumwa mwana wa mtumwa!"

"Alitugawia angali hai," mwanamke akaendelea, hakumtazama ami. "Kusini ya kisima mimi. Kaskazini bibi wa mjini. Kisima chetu sote. Mimi nalilima langu tangu mama hajafa. Mulungu ashuhudia."

Nikamgeukia yaya. Sura yake ilinitosha. "Ulijua?"

"Tangu wewe unanyonya."

"Na hukuniambia!"

"Uliniuliza lini, bibi?" akasema yaya.

Nilishikwa na bumbuazi kiasi kwamba sikumwona ami alivyonisogelea. Nilimsikia tu, karibu na sikio langu, kupitia buibui, sauti laini ya mtu anayebembeleza mtoto.

"Sikiza, mwanangu. Kadhi atakuuliza wewe. Hakuna mwingine aliyesalia wa nyumba ile. Ukisema humjui, yeye ni mtumwa tu, na alichopanda mtumwa ni cha nyumba. Minazi tutagawana, nusu wewe, nusu mimi, naapa mbele ya kadhi sasa hivi. Ukisema ni nduguyo, kusini kote ni kwake, mimi sina, na wewe utabaki na kile kiwanja. Umekiona. Kina mti?"

Nikaelewa. Ami hakuwa mjinga. Nikiwa na mdomo wa kusema hapana, nitarudi mjini mwenye minazi. Nikisema ndiyo, nitarudi na kilichoko kaskazini, na mpiga mbiu alikwisha kusema chini ya dirisha langu kinaitwaje.

Kadhi akaja mbele yangu. "Binti wa marehemu," akasema, "wewe ndiye uliyebaki. Wamjua huyu kuwa ni ndugu yako kwa baba?"

Sikumjua. Ndiyo kweli yenyewe, sikuwa nimemwona. Ningeweza kusema "simjui" nisiwe mwongo, na nakiri neno lilikuwa mdomoni. Nilimtazama yule mwanamke. Hakuniomba. Alikuwa ananitazama kwa udadisi mkubwa, kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu vyangu vya ndani, kama mtu aliyesimuliwa tembo akaletewa mbuzi.

Nikamwambia: "Nitembeze."

Hakuuliza nitembeze nini. Aliweka jembe chini, akasimama wima kama mwanachuoni.

"Naanza kisimani," akasema. "Natoka kisimani naelekea mnazi wa mama. Mnazini nashika ukingo wa mihogo mpaka kaburi la mkunga. Kaburini nakata mkono wa kushoto..."

Ilikuwa sauti ile ile. Mwinuko ule ule pale kwenye "nakata", pumzi ile ile. Minazi ina mwenyewe. Baba alikuwa hanitanii. Alikuwa ananijibu, na nusu ya siku zake za shamba alisimama huku, mbele ya mtoto mwingine, anapiga paja anasema rudi kisimani. Nilitaka kumfufua nimkaripie.

"Ni dada yangu," nikasema. "Baba mmoja."

Ami alitema mate mchangani, akaenda kwa punda wake. Joho lake lilinasa kwenye miiba, akalivuta likachanika, na hiyo ndiyo furaha yangu ya mwisho siku ile.

Kadhi alisema hiba ya kusini, yaani zawadi ile ya baba, ni sahihi kwa kuwa aliyepewa ameishika kwa mikono yake baba angali hai. Kisha akanigeukia. "Na wewe, yako uliwahi kuishika? Uliweka mkono? Ulipanda, ulivuna, ulitia mguu?"

"Sikuwahi kutoka, kadhi."

Akainamisha kichwa. Alikuwa na binti zake nyumbani, nao hawakutoka. Mzungu alisimama, akavaa kofia yake, akatazama kaskazini kwa muda, akasema maneno machache.

"Bwana asema huko ni pori," mkalimani akasema. "Hakuna nyumba, hakuna shamba, hakuna mti ndani ya mipaka. Ni la serikali."

"Pori!" Nilipiga kelele. Mimi, ambaye sauti yangu haikuwahi kusikika na mwanamume wa nje. "Pori gani? Mwambie hapajapandwa kwa kuwa ni pangu! Kila mtu wa huku ajua ni pangu, ndiyo sababu hakuna aliyethubutu kupanda! Peupe pale ndio mpaka! Peupe pale ndilo dai langu!"

Mkalimani alitafsiri. Mzungu alinisikiliza kwa adabu, hata akavua kofia tena. Akajibu neno moja. Mkalimani hakuona haja ya kulitafsiri.

Watu walitawanyika. Nilikaa juu ya mdomo wa kisima. Yaya akasimama mbali kidogo, ana adabu zake. Dada yangu akaja akakaa karibu nami, si karibu sana.

"Sikujua," akasema. "Wallahi sikujua. Nilikuwa nakutunzia."

"Ulinitunzia nini?"

"Hapo." Alionyesha kaskazini. "Kila baada ya mvua nafyeka. Miche huota yenyewe, wajua, ndege huangusha kokwa. Miembe imeota pale mara nyingi. Mikanju. Hata mnazi mmoja uliota kutokana na nazi iliyobingirika. Nimeing'oa yote. Baba alisema kusiwe na mti mpaka uje."

Nilimtazama, na siwezi kueleza mshtuko ule kwa neno lolote nilijualo. Mwembe mmoja ungenitosha. Mkanju mmoja uliopinda. Huyu mtu, ambaye hakunidai kitu, alikuwa ameinama juani mwaka baada ya mwaka aning'olee shamba langu, mche kwa mche, kwa heshima. Na aliyemwagiza ni baba yangu, kwa mapenzi. Sikuwa na wa kumkasirikia. Nilimtafuta, nikakosa.

"Na nazi hukuzipata?" akauliza tena, kwa wasiwasi. "Kila msimu nampa ami yako fungu lako akuletee."

"Nilizipata," nikasema. "Zilikuwa tamu."

Akafurahi kweli. "Baba alikuwa akikuita nani?"

"Bibi shamba."

Alifikiri kidogo. "Mimi aliniita mkulima. Nilidhani wewe ndiye mtoto."

Aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba yake, akarudi na nazi iliyochipua, chipukizi lake la kijani limesimama kama kidole. Akaniwekea mikononi. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani nazi inaweza kuwa, kwa kuwa kila nazi niliyowahi kushika ilikuwa imekwisha kufuliwa na mtu mwingine.

"Panda huku kwangu," akasema. "Ardhi yangu, mnazi wako. Hakuna wa kukutoa."

"Mti una ulimi," nikamwambia. "Kesho utakwenda kwa kadhi."

"Na uende."

Basi nikapiga magoti mchangani, mimi binti wa nyumba ya mawe, nikavua bangili nikampa yaya, nikachimba kwa jembe la dada yangu mpaka mikono ikavimba. Nikaiweka ile nazi shimoni na nikaifukia yote, chipukizi na yote, nikasawazisha juu vizuri kama kaburi. Nikamtazama nikingoja asifu.

Dada yangu alishika mdomo. Mabega yakamtikisika. Kisha akaifukua nazi yangu, akapangusa mchanga kwenye jani lake moja moja, akanitupia ndoo.

"Umekosea," akasema. "Rudi kisimani."